Kadi Zilizokaushwa ku Mbabula

Bandugu, musicheke kwanza, maana ile haya inaniuma mpaka leo, nikikutana na mutu mwenye alikuwa pale ile siku navuka barabara.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, wakati wa kuvaa abacost na kuitana "citoyen". Nilikuwa mwalimu wa informatique, mambo ya kompyuta, ku université hapa Kisangani, na tulikuwa na ordinateur moja, moja tu. Utafiti wangu wote (samaki zenye wavuvi wa Wagenia wanapata, mvua na kiangazi, ili tujue mbele mwaka wenye kuja utakuwaje) ulikuwa ku kadi za karatasi zenye matundu, zile zenye machine inasoma, na kopi ingine sikuwa nayo. Bon, tukasikia délégué, mutu wa serikali, anatoka Kinshasa kuangalia kama machine inatumika kweli. Kama haitumiki, anaibeba.

Siku moja mbele ya kufika kwake mvua ikapiga, paa ya bureau ikavuja, kadi zikalowana. Mutu mwenye akili angeenda kumwambia doyen, mukubwa wetu. Mimi nikazibeba ku nyumba, kule Tshopo, nikazipanga juu ya mbabula, jiko letu ya makala, ku ile wavu bibi yangu anakaushiaga samaki. Akaniangalia.

"Papa Mado, vitu vya université unaleta ku moshi ya samaki?"

"Mama Mado, achia mimi, hii ni science."

Science gani, Mungu wangu! Zilikauka, ndiyo, lakini zilijikunja na kunywa mafuta, mimi nikazilalisha chini ya godoro zinyooke, nikaona mambo imekwisha.

Kesho yake salle imejaa, wanafunzi wamemaliza kuimba na kucheza kwa ajili ya Parti, chama cha serikali, délégué amekaa mbele, nikaingiza kadi. Machine ikameza moja, ikameza ingine, ikakwama. Ningesimama pale, jamani! Lakini nikasema, "Ni kawaida, citoyen délégué," nikasukuma na règle ya kuchorea mistari, règle ikavunjikia ndani, machine ikakoroma, ikapata moto, na harufu ya samaki ya kukausha ikajaa salle yote.

"Prof, imeiva!" mwanafunzi mumoja akapiga kelele kule nyuma, na watu wakacheka mpaka wakaegemeana.

Délégué akaziba pua na kitambaa. "Citoyen professeur, hii machine tuliwapa ya kuhesabu ao ya kupika?"

Nikavuta kadi zangu, vipande vipande, miaka yangu yote, nikalia pale mbele ya wanafunzi, mutu muzima, na doyen anaangalia viatu vyake.

Machine ikapandishwa ku bateau ya kwenda Kinshasa. Walisema wataitengeneza, wataturudishia. Wapi!

Tangu ile siku nikikosea nasema pale pale, nimekosea, hata mbele ya mukubwa gani. Lakini akili hiyo ilikuja machine imekwisha kwenda, donc nikaanza kufundisha informatique na chaki, nachora ordinateur ku tableau, nafuta, nachora tena, watoto wa watu wanapata diplôme bila kugusa hata bouton moja. Siku moja musichana mumoja wa mwaka wa mwisho akanyoosha mukono, na heshima yake yote, akaniuliza: "Prof, ordinateur inakuwaga kubwa namna gani?"

Nikamuonyesha na mikono.