Wageni Niliowafuta

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na msimu ule hasira zangu zote ziliishia kwenye jedwali moja la kompyuta. Nilikuwa mtu wa tovuti katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa mpunga hapa Ifakara. Kila Ijumaa tuliweka ukurasa mmoja: mto umepanda au umeshuka kiasi gani, mvua ya wiki inayokuja ikoje, na mkulima afanye nini. Tuliuita ukurasa wa maji. Niliuanzisha mwenyewe, wakati wenzangu wakisema mkulima hana muda wa intaneti, kwa hiyo niliupenda kwa ubishi.

Mkurugenzi wetu alikuwa mmoja wa hao wenzangu. Ni mtu mpole, anachomekea shati hata Jumamosi, lakini akishaona namba kwenye karatasi humtoi hapo. Mwishoni mwa Januari aliniita ofisini kwake, akasukuma ripoti ya wageni wa tovuti upande wangu wa meza. Novemba mstari ulikuwa juu. Desemba uliporomoka. Januari, watu wakiwa wameingia mashambani na mpunga unataka kupandikizwa, wageni walikuwa wa kuokoteza.

"Dada, huu ukurasa unasomwa wakati hauhitajiki," alisema. "Ukihitajika, hausomwi. Mwisho wa mwezi ujao tunaufunga."

Nilibisha mpaka sauti ikapanda. Aliningoja nimalize, akasema nikipata sababu nimletee. Nilitoka pale nikiwa nataka kulia, na sikulia kwa sababu tu mhasibu alikuwa anapita.

Lazima nieleze jinsi ripoti zile zilivyotengenezwa, maana kosa lilikuwa humo. Kompyuta haimwoni mtu. Inaona simu fulani imefungua ukurasa fulani, saa fulani, kupitia mtandao fulani, basi. Kazi ya kuigeuza simu hiyo kuwa mtu ni ya kwako wewe uliyekaa kwenye kiti. Mtu akifuta kumbukumbu za simu yake ili apate nafasi ya picha, kesho anarudi kwenye jedwali kama mgeni mpya. Na wapo wageni ambao si watu kabisa, ni programu zinazozurura mtandaoni zikifungua kurasa ovyo. Hizo zilinikera kuliko kitu chochote. Nikatunga kanuni ya kuzifuta: zikija simu nyingi kwa mfuatano kupitia mtandao mmoja, kila moja ikafungua ukurasa mmoja na isiguse kingine chochote, hiyo ni mashine, itupwe. Niliionea fahari kanuni ile. Niliichora hata ubaoni kwenye kikao, na mishale juu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda bodaboda kwenda Idete, nikawaulize wakulima wenyewe kwa nini wamenitoroka. Sikuwakuta. Huku bondeni mvua zikianza familia nyingi huhamia mashambani, zikaishi kwenye vibanda vya nyasi kando ya mpunga hadi mavuno. Kijijini walibaki wazee na wanafunzi, na kila niliyemuuliza alinijibu kwamba wenye mashamba wako chini huko, na huko mtandao haufiki. Kwa hiyo mkurugenzi alikuwa sahihi. Nilijiona mjinga mwenye safari ndefu. Na simu yangu ikazima.

Nilikwenda kwenye kibanda cha kuchajia. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, kajifunga khanga kiunoni, nyuma yake rafu imejaa simu, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye namba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kazi yake.

"Ina namba ya siri?"

"Ndiyo."

"Itoe."

"Kuchaji na namba ya siri vinahusiana nini, mama?"

"Mwanangu, itoe au ukachaji kwenu."

Akaichomeka kwanza ipate uhai, nikaitoa namba huku nimenuna, nikaenda kula wali na kambale. Niliporudi alinikabidhi simu ikiwa imewaka. Kwenye kioo palikuwa na ukurasa wangu wa maji, wa jana yake, umefunguka wote hadi mstari wa mwisho.

"Nimeshakufungulia," alisema.

Nilimuuliza amefungua kwa nini. Alinitazama kama mtu anayetoka mbali sana, akanieleza taratibu. Kila Jumamosi mtu mmoja kutoka kila upande wa mashamba huja kijijini na simu za majirani zake kwenye mfuko. Yeye anazichaji, na kabla ya kuzirudisha anaiunganisha kila simu na waifai yake, anafungua ukurasa wa maji, anaiacha hivyo hivyo. Shambani hakuna mtandao, lakini ukurasa uliokwisha kufunguka haukimbii. Jioni wanasomeana. "Nisipozifungua," alisema, "wananirudishia wakigomba."

Hiyo ilikuwa kanuni yangu ya ubaoni. Simu nyingi, kwa mfuatano, mtandao mmoja, ukurasa mmoja, hakuna kinachoguswa tena. Nilimuuliza kama kuna wengine wanaofanya hivyo. Akanitajia vibanda vinne bila kufikiri, kimoja cha huko Chita kwa shemeji yake.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mfagizi. Sikuanza na wakulima, nilianza na mimi mwenyewe. Nilitafuta kwenye data simu yangu, Jumamosi, baada ya mchana, pale Idete. Kwenye orodha ya wageni sikuwepo. Nilikuwa kwenye kapu la taka, kati ya simu iliyonitangulia na iliyonifuata, nimeandikwa mashine kwa kanuni niliyoitunga kwa mkono wangu. Nilicheka peke yangu hadi mfagizi akachungulia mlangoni.

Nilikuwa na jambo la kuonea aibu, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. Wiki nzima nililichambua kapu lile. Mashine za kweli zilikuwamo, na nilizitenganisha kwa sababu hazijui Jumamosi, zinakuja siku yoyote na usiku wa manane. Waliobaki niliwapa safu yao kwenye jedwali: simu zilizofunguliwa kibandani. Nikachora mstari upya. Desemba haukuporomoka. Januari ulipanda kuipita Novemba.

Mkurugenzi aliusoma mstari ule kwa muda mrefu. "Inawezekana," alisema. "Inawezekana pia umezibembeleza namba mpaka zikakubali."

Hapo hasira zangu za karibu zikafika. Nilimwambia basi tupime. Tulikuwa na mafunzo ya kupandikiza mpunga kwa mistari, yaliyopangwa kufanyika kwenye ghala la Idete siku ya Alhamisi. Kwa kawaida tungewapigia viongozi wa vikundi na kupitisha matangazo kanisani na msikitini. Nikasema safari hii yatangazwe kwenye ukurasa wa maji peke yake, na ghala likiwa tupu nitaufunga ukurasa mwenyewe, mbele yake. Alikubali haraka mno, na nilijuta kabla sijafika mlangoni.

Alhamisi saa tatu asubuhi tulikuwa ghalani, yeye, mimi, mkufunzi na mabenchi. Saa tatu na nusu tulikuwa sisi wale wale. Mkurugenzi hakunikejeli, na hilo liliniumiza zaidi. Nilitoka nje, nikasimama nikiangalia njia ya kutoka bondeni.

Walianza kutokea saa nne kasoro. Baiskeli mbili, kisha tano, kisha kundi la akina mama wenye watoto mgongoni, matope yamewafika magotini. Wakaendelea kuja. Mabenchi yalijaa, wakakalia magunia, wengine wakasimama ukutani. Nilikuwa natabasamu ovyo, siwezi kujizuia.

Mkurugenzi alisimama, akawasalimu, akauliza: "Ni nani aliyesoma tangazo hili kwenye simu yake?"

Ilinyooka mikono michache tu. Kwenye ghala lile zima, michache. Akanigeukia.

Mama wa kibandani alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti. "Mzee," alisema, "uliza na waliosomewa."

Akauliza. Mikono ikainuka ghala zima, ya wazee, ya akina mama, hata ya mtoto mmoja aliyekuwa mgongoni. Mkurugenzi akavuta kiti chake, akampa bibi mmoja aliyekuwa amesimama.

"Ukurasa unabaki," aliniambia. "Nenda kawahesabu, uandike upya."

Nilichukua daftari, nikapita kati yao kichwa kwa kichwa, na safari hii sikumfuta mtu.