Kaka Yangu Alivyopigana Mwezini

Sikutoka Ujiji kwa kupenda kutembea. Nilitumwa na mama, na mama naye alisukumwa na maneno ya mchuuzi mmoja wa mafuta ya mawese aliyekuwa akivuka ziwa mara kwa mara. Alifika kwetu asubuhi, akaomba maji, akanywa, kisha akasema, "Ramazani wa Stanleyville anawasalimu. Anamtaka mdogo wake aende upesi. Atapigana na mwanafunzi wake mwezini."

"Mwezi upi?" mama akauliza. "Huu unaoingia?"

"Hapana, mama. Mwezi wa juu."

Ramazani ni kaka yangu, tumbo moja. Alivuka ziwa angali kijana, akafuata njia ya babu zetu wa misafara mpaka kwenye maporomoko ya mto mkubwa, mji ambao serikali inauita Stanleyville na wenyeji Kisangani. Akaoa huko, akawa seremala, na jioni akafundisha vijana mchezo wa fimbo, ule unaochezwa arusini kwa ngoma na zumari. Hakuwa mtu wa mizaha kabisa. Kweli, mwaka ule kila baraza lilikuwa likizungumzia chuma ambacho Warusi wamekirusha kizunguke juu ya dunia, lakini hakuna aliyesema kwamba mafundi seremala nao wanakwenda.

"Amerukwa na akili," mama akasema. "Nenda ukamlete."

Albertville, ng'ambo ya ziwa, nilifika na meli ya usiku, macho mekundu. Karani wa forodha alitazama cheti changu akauliza ninakwenda kufanya nini Stanleyville. Nikasema kumtazama ndugu mgonjwa.

"Iko na ugonjwa gani?"

"Sijui, bwana."

"Unasafiri mbali hivi, haujui ugonjwa?"

Nilitaka kumwambia kweli, ikanishinda mdomoni. Akapiga muhuri huku akitikisa kichwa, akanionea huruma, nadhani.

Kutoka hapo ni gari la moshi, kisha jingine, mpaka Kindu. Nyasi ndefu, vituo vyenye wauza ndizi, moshi wa kuni kwenye nguo. Kadiri tulivyosogea, Kiswahili kilianza kuniponyoka. Maneno ni yetu, lakini yamevaa nguo nyingine. Kindu nikapanda boti ya mtoni, na hapo msitu ukaanza kwa kweli. Ukuta wa miti kulia, ukuta wa miti kushoto, na maji ya rangi ya chai katikati. Mama mmoja aliyekuwa na mafurushi ya samaki wa chumvi aliniuliza ninakokwenda. Nilipomtajia jina la kaka yangu, akapiga makofi.

"Papa Ramazani ya fimbo? Ee! Batu yote banazungumuza. Atapigana na Gaspari kule juu."

"Juu wapi, mama?"

"Kwa nyota," akasema, kama mtu anayekuonyesha njia ya sokoni.

Nikaacha kuuliza. Nililala nikifikiri kwamba huenda si kaka peke yake aliyerukwa na akili, huenda ni mto mzima.

Ponthierville boti haiwezi kuendelea kwa sababu ya maporomoko, hivyo abiria hupanda gari la moshi tena mpaka ukingo wa kushoto, mkabala na mji. Tuliwasili mchana mvua ikinyesha na jua likiwaka kwa pamoja. Nikavuka na kivuko, nikauliza njia, nikafika kwa kaka nimelowa.

Shemeji yangu, Mama Aziza, alinipokea kwa furaha, akaniwekea lituma, yaani ndizi za kupondwa, na samaki aliyefungwa kwa majani. Kaka alikuwa bado karakanani. Nikasema moja kwa moja, "Shemeji, tumesikia mume wako ni mgonjwa."

"Haiko mugonjwa, shemeji. Iko na kasirani."

Basi akanieleza. Gaspari alikuwa mwana wa wavuvi wa pale maporomokoni. Alianza kujifunza fimbo kwa kaka tangu hajaota ndevu, akala kwenye sahani yake, na kila mtu alijua kwamba ndiye atakayerithi kundi. Kisha siku moja, mara baada ya arusi waliyocheza pamoja, akaacha kuja. Hakuaga. Akapata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Simi-Simi, na baadhi ya vijana wakamfuata, wakaanzisha kikundi cha maigizo. Kaka hakulitaja tena jina lake.

"Alafu siku moja Gaspari anakuja hapa na mukono nyuma," Mama Aziza akasema. "Anasema ametunga muchezo. Kuko mufalme ya mwezi, mwalimu mukubwa. Mwanafunzi yake anatoka kwa nyota ingine na chombo ya chuma, banapigana, mufalme anaanguka. Anaomba bwana yangu akuwe ule mufalme. Mi nilifikiri atamufukuza. Alors, yeye anakubali! Ile ndiyo inaniogopesha."

Kaka aliingia jioni. Alikuwa mzima, mnene kidogo, mvi zimemkaa vizuri. Tulikumbatiana mpaka nikasikia harufu ya mbao kwenye shati lake. Tulipokaa akasema, "Umekuja kuniona nikianguka?"

"Nimekuja kukuchukua. Mama anadhani umechanganyikiwa."

Akacheka, lakini si sana.

"Na utaanguka?" nikauliza.

"Mchezo unasema nianguke." Akachukua fimbo yake iliyoegemea ukutani, akaipima kiganjani. "Fimbo haijasema kitu bado."

Kesho yake nilikwenda Simi-Simi bila kumwambia. Ndege moja ilikuwa imetua, na vijana walikuwa wakishusha magunia. Gaspari alikuja kunisalimu akijifuta jasho. Nilitarajia mtu wa kiburi. Nikakuta kijana mrefu, mpole, anayeongea akitazama chini.

"Tonton, umuambie aanguke mahali yake," akasema, akiniita mjomba kwa Kifaransa. "Pigo ya saba, upande ya ngazi. Tumeweka magodoro. Asiendelee kupigana kweli."

"Kwa nini ulimwacha?"

Akageuka kuitazama ndege kana kwamba imemwita. "Ile siwezi kusema."

"Alikukosea?"

"Hapana! Papa Ramazani? Hapana, tonton. Bon. Akianguka, mambo itaisha muzuri. Nakuomba."

Nilirudi mjini kwa miguu nikiwa nimepotea zaidi kuliko nilipotoka. Kaka alikuwa na hasira ya mtu aliyetupwa. Gaspari alikuwa na huzuni ya mtu aliyetupa kitu asichotaka kukitupa. Nilimfikishia kaka ombi la magodoro na pigo la saba. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha yule kijana kuhesabu.

Jumapili alasiri ndipo mchezo ulipofanywa, katika ukumbi mmoja wa mitaa ya Waafrika. Madirisha yalizibwa kwa mikeka na magunia ili kuwe usiku ndani. Ukuta wa nyuma walikuwa wametandaza shuka nyeusi zenye matundu, na nyuma yake taa, nazo zikawa nyota. Mwezi ulikuwa jukwaa la mbao lililopakwa chokaa, urefu wa kimo cha mtu, lenye ngazi ubavuni. Chombo cha Gaspari kilitengenezwa kwa vipande vya bati la ndege, na kilipoingia kikivutwa kwa kamba, kikipiga kelele sakafuni, watoto walikimbilia kwa mama zao. Mbele walikaa Wazungu wachache na wake zao. Nyuma tulijaa sisi, Wakristo na Waislamu, wavuvi na mafundi, bega kwa bega.

Maneno yalisemwa kwa Kiswahili chao, Lingala na Kifaransa, na mimi niliambulia theluthi. Lakini kaka yangu alipotokea juu ya mwezi, amevaa joho la pazia na taji la karatasi ya fedha, sikuhitaji mkalimani. Alisimama kama aliyezaliwa pale. Gaspari akapanda ngazi. Ngoma zikaanza.

Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Fimbo zilipakwa chokaa na zilipokutana zilitoa vumbi. Kwa muda nilisahau mashaka yangu. Walikuwa wakicheza kama mikono miwili ya mtu mmoja. La saba likaja. Kaka hakuanguka. Likaja la nane, akamjibu kijana kwa pigo lililomrudisha nyuma mpaka ukingoni. Mama Aziza akanishika mkono. Watu walipiga vigelegele. Walidhani ndivyo ilivyoandikwa. Mimi nilijua kwamba juu kule mwezini sasa kuna vita vya kweli, na sikujua nimwombee nani.

Gaspari alikuwa akihema. Alipigwa begani, alipigwa pajani. Naye alikuwa akirudisha, ila kila alipoinua fimbo, aliishusha upande wa kulia wa kaka. Kulia, kulia, daima kulia. Mara mbili upande wa kushoto ulikaa wazi kama mlango, naye hakuingia. Nikajiuliza kama ni sheria ya mchezo.

Kaka naye aliliona. Akasimama ghafla, akainua mkono, ngoma zikafa.

"Gaspari," akasema, na haikuwa sauti ya mfalme. "Mbona hunipigi kushoto?"

Kijana akainamisha fimbo.

"Nimekuuliza."

"Mwalimu," Gaspari akasema polepole, lakini ukumbi mzima ulisikia, "kushoto yako kuko giza."

Kaka yangu alibaki akimtazama. Nikamwona akigeuza kichwa chote ili amwone vizuri, kama kuku anavyogeuza, na hapo nikafahamu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. Alikuwa amelificha kwa mkewe, kwa wateja wake, kwa kila mtu, na alidhani amefaulu.

"Ulijua lini?"

"Kwa ile arusi. Fimbo yangu ilikupata, haukuiona ikikuja. Ningebaki, kila siku ningekupiga, ao ningekuacha ushinde mbele ya batu. Yote mbili ni matusi. Donc niliondoka."

"Na huu mchezo wako?"

"Nilitaka uanguke kama mufalme. Alafu hakuna mutu atakuomba tena upigane."

Wazungu wa mbele walikuwa wakinong'onezana. Nadhani walikuwa wakiulizana kama wamepitwa na kitu. Kisha kaka akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akateremsha fimbo yake, akajigeuza, akampa kijana ule ubavu wa giza.

"Piga."

Gaspari akatikisa kichwa.

"Piga!" watu wakaanza kupaza sauti kutoka nyuma. "Piga! Piga!" Kwao bado yalikuwa maigizo.

Kijana akapiga, pigo la kumfukuza nzi.

"Mimi nilikufundisha hivyo?" kaka akamkemea. "Mbele ya watu wangu?"

Basi Gaspari akalia waziwazi, na huku analia akapiga kama alivyofundishwa. Fimbo ilitua begani kwa mlio uliosikika mpaka mlangoni. Kaka yangu akanyoosha mikono, joho likafunguka, akaanguka kutoka mwezini kwa utukufu ambao sijauona kwa mfalme yeyote wa duniani. Magodoro yalimpokea. Ukumbi ulilipuka. Mzungu mmoja alisimama akapiga makofi. Gaspari alikuwa na hotuba ndefu ya ushindi, vijana wake wakawa wanamsomea maneno kwa mnong'ono kutoka nyuma ya shuka, lakini aliitupa fimbo, akashuka ngazi mbili mbili, akaenda kumwinua mwalimu wake. Nilisimama pale, machozi yananitoka na kicheko pia, nisijue kipi kitangulie.

Siku zilizofuata hawakuzungumza sana, angalau mbele yangu. Gaspari alikuja, akala, akaondoka. Kaka alikuwa na bega lililovimba na hakutaka lichuliwe. Nilimuuliza kama amemsamehe. Akasema hajui nani amsamehe nani, na kwamba bado amekasirika, ila sasa hasira haina mwenyewe. Nikamkumbusha agizo la mama.

"Mwambie sijarukwa na akili. Nimepofuka jicho moja tu."

Siku ya kurudi walinisindikiza wote wawili mpaka kivukoni. Gaspari alijitwika mzigo wangu. Kaka alikuwa akitembea katikati ya njia, baiskeli zikitupita, na bila neno lolote Gaspari akahama kutoka kulia kwake akaenda kushoto. Kaka hakumfukuza. Nilipokuwa majini niliwaona wakipanda kurudi mjini, na kwa mbali sikuweza kutambua nani anamwongoza nani.

Ponthierville nikapanda boti tena. Msitu ulikuwa ule ule, maji yale yale ya chai, na mimi nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Nilijifunza kwamba wema unaweza kumjia mtu umevaa sura ya dharau, na mtu akaupiga vita miaka mizima. Je, kama kaka angemfuata kijana siku ile ya kwanza akamuuliza? Labda angejibiwa. Labda angedanganywa kwa heshima, na mambo yangekuwa mabaya zaidi. Nimeligeuza jambo hili kila upande, na bado sijui Gaspari alifanya vema au vibaya alipoondoka. Najua tu kwamba siku ile, juu ya mbao zilizopakwa chokaa, kila mmoja wao alimpa mwenzake kitu kizito, na hakuna aliyekiangusha.

Abiria mmoja mwenye mkeka karibu na wangu aliniuliza nilikwenda kufanya nini Kisangani.

"Nilikwenda kumtazama kaka yangu akianguka," nikamjibu. "Akaanguka vizuri sana."

Akanitazama, akanitazama tena, kisha akauvuta mkeka wake taratibu akaenda kulala upande wa pili wa boti.