Uzi Usiolala

Mimi kazi yangu ni pasi, ya redio siyajui, lakini habari ya Akoth naijua kwa sababu meza yangu inatazamana na cherehani yake. Kiwanda chetu cha udobi kiko Nakasero, hapa Kampala, na mashuka ya mahoteli hutufikia kwa magunia. Akoth, Mjaluo kutoka Siaya, ndiye fundi wa viraka. Kila shuka lililochanika hupita mikononi mwake, na shida yake ilianzia hapo.

Mwaka jana meneja alinunua lebo za redio. Kila shuka lilibandikwa yake, na mlangoni pakawekwa mashine ya kuziita: shuka likipita, lebo hujibu kwamba ipo. Lakini antena za lebo zile zilikuwa ngumu. Zikipita kwenye rola la moto mara kumi, zinakatika. Shuka liko rafuni, mashine inasema halipo. Ikaaminiwa mashine, na Akoth akashukiwa wizi. Basi kila jioni Lamwaka, askari wetu wa getini, binti wa mwanajeshi wa kambi ya Mbuya, aliumwaga mkoba wa Akoth mbele ya madereva. Kopo la chakula, Biblia, hata nguo zake za ndani. Lamwaka si mtu mbaya, aliagizwa. Lakini mimi nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado.

"Vera, mimi si mwizi," Akoth aliniambia. "Nimewahi kuchukua hata kitambaa cha mezani?"

Meneja akaomba msaada chuo kikuu. Akaja Sadik, mhandisi kijana, Muganda, na kibunda cha uzi wenye madini ndani yake. Safari hii antena isibandikwe, ishonwe kwenye shuka lenyewe. Mashuka mia yangejaribiwa kwa miezi miwili. Yakipotea tena, meneja alisema, Akoth atafute kazi kwingine. Alisema hivyo mbele yetu sote huku akinywa chai. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sadik alichora mstari wa chaki, akamwita Akoth bibi kwa Kiganda. "Nyabo, fuata hapa. Lakini uzi isilaluke."

Alitaka kusema usiraruke. Ulimi wa Kiganda uliigeuza r ikawa l, na mashine za kufulia zikameza mkia wa neno. Akoth alisikia "isilale". Uzi usilale? Aliwaza kidogo, akazungusha kitufe cha cherehani, akashona zigizaga mashuka yote mia.

Sadik aliporudi alishika kichwa. "Nyabo! Nilisema isilaluke! Sasa hii ni nyoka!"

"Ulisema isilale. Haijalala."

Mimi nilicheka, wao hawakucheka. Uzi uliopindapinda ni mrefu kuliko mstari, na antena hutaka urefu wake kamili, ndiyo maana Sadik aliogopa. Muda wa kufumua haukuwepo. Alipima shuka moja moja, akapunguza ncha za uzi, mashuka yakaingia majini hivyo hivyo.

Miezi miwili Akoth alikula kidogo sana. Siku ya mwisho mashuka mia yaliitwa mlangoni, na mia yakajibu. Sadik aliyapitisha mara ya pili kwa kutoamini.

"Uzi ulionyooka ukivutwa hukatika," Akoth alimwambia. "Uliopinda una pa kwenda. Fundi yeyote wa suruali za watoto anajua."

Sadik aliandika maneno hayo, kisha akamuuliza jina lake la pili, aliweke kwenye ripoti ya chuo.

Jioni ile Lamwaka alitusimamisha getini. "Pita, dada. Meneja amesema mashuka yote iko. Hakuna kuangalia mkoba tena."

Akoth hakupita. Aliuweka mkoba juu ya meza, akafungua zipu. Madereva walikuwepo, wale wale.

"Angalia," alisema. "Leo ndiyo nataka uangalie."

Lamwaka alitoa kimoja kimoja: kopo, Biblia, kanga. Akavirudisha mwenyewe, akafunga zipu, akampa mkoba wake kwa mikono miwili.