Baba na Maji Yasiyo na Zamu

Baba yangu ni mtu wa ndiva. Kule kwetu juu ya Same, ndiva ni bwawa dogo la udongo la kukusanyia maji ya mlimani. Jioni linazibwa, alfajiri linazibuliwa, na kila shamba lina zamu yake. Anayezibua ni baba. Kazi hiyo haimlipi kitu, lakini ukimwona anavyopanda na jembe lake begani utadhani ni waziri. Anayenywesha migomba yake nje ya zamu, baba humpeleka kwenye baraza la wazee, na kesi ya ndoo mbili inaweza kula wiki tatu. Watu wanasema sisi Wapare tunapenda kesi. Hawajakosea.

Mama alipofariki nilianza kumsumbua baba ahamie kwangu Tanga. Alikuwa ameshateleza mara mbili kwenye mfereji, na mara ya pili alilala pale mpaka jirani alipomsikia. Simu kutoka nyumbani ikilia, nilikuwa naogopa kuipokea. Yeye akajibu kwamba hawezi kuhamia mahali ambapo hajapaona, na kwamba akija lazima avue samaki wa baharini, maana wa bwawa la Nyumba ya Mungu ameshawala mpaka wamemzoea. Nikaona hapo nimempata. Tukashuka Same, tukapanda basi, na Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa tumekaa kwenye gati dogo la zamani, miguu inaning'inia, maji yamejaa karibu yatuguse nyayo.

Nilikuwa nimenunua kamba wabichi wa chambo. Baba akawanusa, akawasukuma pembeni, akatoa kwenye mfuko wake kopo la makande ya jana, mahindi na maharage. Akachomeka harage kwenye ndoano.

"Baba, samaki wa huku hawali makande."

"Wamewahi kupewa?"

Jirani yetu pale gatini alikuwa mama mmoja mvuvi wa mshipi, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshatoa changu wanne wala haoni kama ni jambo. Aligeuza uso ili asicheke. Baada ya nusu saa mshipi wa baba ukakaza, akavuta, akatoka bunju, yule samaki mwenye sumu ambaye ukimtoa majini anajijaza mpaka anakuwa mpira. Baba alimtazama anavyovimba kwa hasira.

"Huyu ni wa ukoo wetu," akasema, akamrudisha majini kwa heshima zote.

Niliona siku inakwenda vizuri. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia jioni. Ndipo maji yakaanza kupwa. Sisi tunaoishi pwani hatuangalii hata, lakini baba aliangalia. Aliona alama ya unyevu kwenye nguzo, akaona inazidi kurefuka. Kufika saa nne tope lilikuwa nje, na harage lake limelala juu yake hadharani, kila mtu analiona.

Akasimama. "Nani kazibua?"

"Baba, hii ni bahari."

"Nimekuuliza nani kazibua. Watu tunavua hapa!" Akamgeukia yule mama. "Mama, hii zamu ya nani?"

"Si zamu ya mtu, baba," yule mama akasema kwa upole. "Yamekupwa tu. Alasiri yatajaa. Mwezi ndio unaoyavuta."

Baba akatazama juu, kwenye jua kali, kisha akanitazama mimi kama niliyemleta kwa matapeli. Akataka nimpigie mwenyekiti wa mtaa. Nikakataa. Basi akamshuku mzee mmoja aliyekuwa akikwangua boti kule mbele, akamwita kwa sauti ya barazani na kumuuliza maji kayapeleka kwa nani. Yule mzee hakusikia vizuri, akapunga mkono kwa furaha. Nilitamani lile tope linimeze.

Nikasema twende nyumbani tukapumzike. Akakataa, atakaa mpaka amwone anayeyarudisha. Na akakaa kweli, jua la Tanga likimchoma, mimi nimemshikia mwavuli huku nimenuna. Tulikula makande yaliyobaki, na yule mama akapewa yake, akasifia. Saa tisa maji yakaanza kurudi, polepole, kutoka kila upande. Yakapita kwenye nguzo, yakafunika tope. Baba aligeuza shingo kulia na kushoto kutafuta mtu mwenye jembe.

Ubishi ukamwisha. Sikuwa nimewahi kumwona baba akikosa la kubishia, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Hata hivyo nikaona ndio wakati wenyewe. Nikamwambia chumba chake kiko tayari, kitanda kipya, feni, hospitali karibu, wala hakuna mfereji wa kumwangusha.

Alichukua muda mrefu kukunja mshipi.

"Yanakuja hivi kila siku?"

"Kila siku, Baba. Mara mbili."

"Bila mtu kuamka kuyashughulikia."

"Bila mtu."

"Sasa mimi nikiamka hapa asubuhi," akasema, "niende wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie atapumzika. Nikamwona akilini amekaa kwenye kochi langu anatazama televisheni mpaka jua linazama, kesho yake hivyo hivyo, na nikaona aibu. Hofu yangu haikuondoka. Mpaka leo simu ya nyumbani ikilia naogopa kuipokea. Lakini jioni ile nilipiga simu stendi nikaomba kiti kimoja, basi la kwanza la kesho, mzee anashukia Same.