Chupa Ishirini Zilizoliwa kwa Futari

Saa moja na nusu asubuhi, Mwanvua ananawa mikono mpaka viwiko, mara tatu, bila haraka. Asiyemjua angedhani anajiandaa kwa sala. Kumbe anajiandaa kuingia kwa migomba.

Migomba yenyewe inaishi ndani ya chupa za jamu. Chini ya kila chupa kuna jeli angavu, na juu ya jeli mche wa kijani usiozidi kidole gumba. Mwanvua anainua chupa moja moja kwenye mwanga wa dirisha, anatafuta ukungu, anaukosa, anairudisha. Leo anaimba kwa sauti ya chini. Alikuwa na miezi mingi hajaimba humu.

Ukutani kumebandikwa barua iliyofika wiki jana kutoka Ubelgiji. Ni ya Kifaransa kirefu, naye aliishia darasa la sita, kwa hiyo amesomewa mara nne. Kwa ufupi inasema kwamba wafadhili wataigharimia maabara hii ya biolojia ya seli kwa miaka mitatu mingine.

"Mi nilielewa mara ya kwanza," anasema. "Hizo tatu zingine nilikuwa naonja tu."

Ana miaka hamsini na mmoja, ni mwenyeji wa Buyenzi, mjane, na mshahara wake wa faranga elfu thelathini kwa mwezi unalisha watu saba. Aliajiriwa chuo kikuu mwaka 1993, mwezi mmoja kabla ya nchi kuharibika kwa vita. Kazi yake ni kuosha chupa, kuzichemsha na kupika jeli.

Jeli hiyo ndiyo shamba. Watafiti hukata ncha ya mgomba, kipande kama punje ya mchele, wakakilaza juu yake. Seli hugawanyika, chipukizi hutoka, na mche unakua bila ugonjwa wowote wa shambani. Baada ya wiki tano au sita jeli huisha nguvu. Mche usipohamishiwa jeli mpya, unakufa.

Mwaka jana, wakati wa Ramadhani, mabomu yalipoanza kuanguka upande wa Gihosha, mkuu wa maabara, Profesa Mathilde, alishindwa kutoka nyumbani kwake huko. Umeme nao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Yeye na Mwanvua wakakubaliana kwa simu kwamba chupa zihamie nyumbani kwa Mwanvua, Buyenzi, kulikokuwa na utulivu, mpaka hali ipoe.

Mwanvua akazibeba kwa vikapu, amezifunika kwa kitenge. Kwenye kizuizi askari mmoja alifunua na kuuliza hiki ni kitu gani. Akajibiwa ni watoto wa migomba. Askari akatazama sana, kisha akataka kujua watatoa pombe lini.

Zilikuwa chupa arobaini zenye miche, na ishirini zenye jeli mpya tupu ya kuihamishia, miwili kwa kila chupa. Jeli hiyo ilikuwa imemaliza unga wa mwisho wa kugandisha. Mwingine ulikuwa umekwama nje ya nchi. Na wafadhili walikwisha kusema wazi kwamba watakuja Machi, wakute miche hai, au wafunge mkoba wao.

Mwanvua aliweka miche dirishani na jeli tupu kwenye kabati la vyombo. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu mwenye kabati hilo si yeye, ni wifi yake Soumaya, anayeishi naye.

Alasiri moja Mwanvua alikwenda kumwona mgonjwa. Soumaya, akiwa na wageni wa futari na muda mfupi, akafungua kabati na kukuta chupa ishirini za kitu angavu kinachotetemeka. Mwezi ule, katika nyumba ya Waislamu, kitu cha namna hiyo kina jina moja tu: faluda, kitindamlo cha kugandisha. Akanyunyiza iliki, akapanga mezani.

Mwanvua alirudi wageni wakilamba vijiko. Fundi magari wa jirani, Mzee Hamimu, alikuwa kwenye chupa ya tatu.

"Faluda yako nzuri, dada," alimwambia. "Ila mara nyingine uongeze sukari."

Hakuna aliyeugua. Lakini anasimulia kwamba kwa siku tatu alimchungulia mzee huyo kila asubuhi, kama ameota jani.

Njia ilipofunguka alipanda Gihosha kwenda kuungama, akiwa amekwisha kujiaga kazini moyoni. Profesa Mathilde alisikiliza yote bila kumkatiza.

"Mama Houda," akauliza, akimwita kwa jina la mwanawe, "huyo wifi yako, faluda yake ya kweli anagandisha na nini?"

Soumaya aliitwa. Akaja na woga wake, na mkononi pakiti ya nyuzi nyeupe kutoka duka la Anouar mjini, zile wanazonunua wanawake wa Kiislamu kila Ramadhani. Profesa alizigeuza mara mbili, akacheka mpaka akakaa. Zinatoka kwenye mwani wa baharini, sawasawa na unga wa maabara, na bei yake ni ndogo mno.

Siku hiyo hiyo walipika jeli ya nyuzi hizo, wakatia sukari ya dukani na madini yaliyobaki, iliki wakaiacha. Kati ya miche arobaini, thelathini na nane ilikubali. Machi wafadhili waliikuta imejaa mizizi, na swali lao la kwanza lilikuwa kuhusu jeli. Barua iliyo ukutani inataja jeli hiyo mara mbili. Iliki haikutajwa.

Soumaya sasa huitwa maabara mara mbili kwa mwezi, kupika. Ufunguo wa kabati la jeli anao yeye. "Mwizi tumemfanya mulinzi," anasema Mwanvua, na wifi yake anamtupia kitambaa.

Mvua zikianza, miche ya kwanza itagawiwa wakulima waliorudi makwao. Mwanvua ameomba mitatu. Anataka kuipanda Ruziba, kwenye kiwanja cha baba yake, ambako migomba yote ilifyekwa wakati wa vita na hakuna aliyerudi kupanda. Jumamosi atakwenda kuchimba mashimo.

Mkungu wa kwanza ukiiva, ameshaamua utaliwa wapi. Ni kwenye futari, kwa wageni wale wale, Mzee Hamimu mbele.

"Waje wote," anasema, akifunga kifuniko cha chupa. "Safari hii watakula kwa ruhusa yangu."