Tisini na moja, afande!

Leo nimempigia saluti mwalimu wa hesabu, darasa zima likitazama.

Mnajua mzee wangu ni mwanajeshi. Muhula uliopita nilipata 28, akasema hesabu atanifundisha mwenyewe. Tangu hapo, kila asubuhi nasimama wima uani hapa Mbuya. Anauliza, najibu kwa sauti.

Sasa leo mwalimu kaniuliza ghafla: "Kumi na tatu mara saba?"

Nikaruka juu, visigino pamoja, mkono kichwani: "Tisini na moja, afande!"

Wakacheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Chekeni na nyinyi, nawaruhusu.

Halafu karatasi za mtihani zikarudishwa zikiwa zimesahihishwa. Mimi 81.



Wanne kati ya waliocheka wameomba kuja kwa mzee kesho. Nimekubali.

Sijawaambia kwamba kabla ya hesabu tunapanda mlima mbio.