Shaba Iliyofukiwa Majivuni

Mwaka 1956 Mwalimu Gamaliel alikuwa akifundisha sayansi katika shule moja ya kati karibu na Kitendaguro. Alikuwa amesoma kwamba shaba ikichomwa sana hufanya utando mwekundu, na utando huo ukiwekwa juani ndani ya maji ya chumvi hutoa umeme kidogo. Akaazimia kuwaonyesha watu jambo hilo siku ya wazazi.

Kwa wiki tatu alichoma vipande vya shaba jikoni kwa mkewe, Kokwijuka, akivukuta mkaa mpaka shaba iwe nyekundu kama kaa la moto. Kisha alikitumbukiza kila kipande katika maji baridi papo hapo, maana alikuwa mtu wa haraka. Kila kimoja kilitoka na gamba jeusi lililong'ang'ania. Akilikwangua kwa kisu, utando mwekundu nao ulibanduka. Alipokiweka kipande juani katika maji ya chumvi, mshale wa mita ya kupimia umeme haukutikisika.

Alhamisi moja aliitwa shuleni ghafla, akaacha kipande motoni. Aliporudi, akiwa na mwalimu mkuu, Ta Rugaibula kama alivyoitwa kwa heshima, alikuta Kokwijuka amefukia moto kwa majivu ili makaa yasiishe.

"Nani kakuruhusu kugusa kazi yangu?" Gamaliel alifoka. "Ujuzi wako wewe ni kumenya ndizi tu!"

Kokwijuka alimletea mgeni kiti, akatoka kwenda kibanjani, kwenye migomba yake.

Kesho yake Gamaliel alikifukua kile kipande. Gamba jeusi lilidondoka lenyewe, chini yake utando mwekundu ukiwa mzima. Alipokiweka juani, mshale ulisogea. Aliwaambia walimu wenzake kwamba safari hii alivukuta kwa nguvu zaidi.

Siku ya wazazi ilipofika, alichoma kipande kipya mbele ya watu wote, akakitumbukiza majini kama kawaida yake, kisha akakiweka juani. Mshale ulikaa kimya. Akachoma cha pili. Kimya. Mzee mmoja akakohoa.

"Mwalimu," Ta Rugaibula aliuliza kwa upole, "kile kilichofaulu si ndicho Ma Kokwijuka alichokifukia majivuni?"

Masikio ya Gamaliel yalipata moto. Alikuwa amelijua hilo tangu Ijumaa. Hakutaka tu kulikubali. Akatazama upande wa wanawake. Kokwijuka alikuwa ameinamisha kichwa, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

"Ndicho," Gamaliel alisema. "Shaba hii inataka ipoe polepole. Mke wangu aliipoza vizuri, nami nikamtukana mbele ya mgeni."

Nyumbani alimwomba radhi.

"Nimesikia, Mwalimu," Kokwijuka alijibu. "Ila neno lile la ndizi, usidhani litanitoka leo."

Alimsamehe kabla ya Krismasi. Lakini kila mwaka Gamaliel alipofika kwenye somo lile, aliwageuzia wanafunzi mgongo wasiuone uso wake, akaandika ubaoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.